Kijiji cha Ujerumani alikotoka babu wa ukoo: ulale hapo hapo, ukae mjini, au umlipe mtafiti?

Mama mkwe wangu alizaliwa Belleville, Illinois, ng'ambo ya mto kutoka St. Louis, na waliomtangulia wameishi hapo kwa vizazi kadhaa. Kwenye Biblia ya familia, kwenye karatasi ile tupu ya mwanzo, kuna mstari wa wino uliopauka: jina la babu wa babu yake, mwaka wa kuzaliwa 1829, na neno moja tu la mahali, Bayern, yaani Bavaria, ambayo mji wake mkuu ni Munich. Kwa mstari huo ukoo mzima uliamini kwao ni Munich. Wapo waliokwenda Munich, wakapiga picha, wakarudi wameridhika.

Kwao si Munich. Kwao ni kijiji kidogo cha Pfalz, magharibi kabisa ya Ujerumani, nje ya mji mdogo wa Kusel. Ukitoka Munich kwa gari ni zaidi ya saa nne. Kuanzia 1816 Pfalz ilikuwa chini ya wafalme wa Bavaria, kwa hiyo mhamiaji aliyeulizwa na karani wa Marekani "umetoka wapi" alijibu Bavaria na hakusema uongo.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nimeolewa katika ukoo huo. Tulikwenda watano: mama mkwe, mume wangu, mimi na watoto wawili. Kabla ya kukata tiketi tulikwama karibu mwezi mzima kwenye swali moja: tulale kijijini kwenyewe, tukae mji wa jirani tuwe tunakwenda na kurudi, au tumlipe mtafiti wa koo atuongoze? Tangu turudi nimeulizwa swali hilo na marafiki wenye watoto au wakwe wa asili ya Kijerumani, kwa hiyo nimeona niweke njia zote tatu mezani.

Kwanza uwe na jina la kijiji

Bila jina la kijiji, njia zote tatu ni kazi bure. Orodha za meli na sensa za Marekani mara nyingi huishia kwenye jina la dola: Prussia, Bavaria, Hesse. Sisi jina tulilipata kwenye daftari la ndoa la kanisa la Wajerumani huko huko Illinois. Mchungaji aliandika kwa Kijerumani, tena kwa utaratibu wa kwao: jina la bwana arusi, jina la baba yake, kijiji, wilaya. Anzia kanisani walikooana au walikobatiza mtoto wa kwanza Marekani, kabla ya kuhangaika na meli.

Ukishapata jina, lithibitishe. Ujerumani ina Neustadt na Steinbach nyingi. Kamusi ya majina ya mahali iitwayo Meyers, ya mwaka 1912, inapatikana bure mtandaoni. Itakuonyesha vijiji vyote vyenye jina lako na wilaya ya kila kimoja. Mipaka ya zamani nayo ina mitego yake. Ngome ya Burg Lichtenberg iko karibu sana na Kusel, lakini eneo lake lilikuwa la mtawala wa Sachsen-Coburg hadi lilipouzwa kwa Prussia mwaka 1834, huku Kusel ikiwa chini ya Bavaria. Vijiji viwili vinavyosikiana kengele za kanisa vinaweza kuwa na karatasi zao kwenye hifadhi mbili tofauti.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima njia tatu kwa mambo manne. La kwanza ni pesa na usafiri. La pili ni nyaraka, yaani utafika karibu kiasi gani na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. La tatu ni watu, maana wapo wanaokwenda kutafuta karatasi na wapo wanaokwenda kutafuta mtu wa kuzungumza naye. La nne ni urahisi kwa mzee na mtoto. Mama mkwe ana miaka 74 na goti bovu, kwa hiyo kwangu kigezo hicho kilikuwa na uzito.

Njia ya kwanza: kulala kijijini

*Pesa na usafiri.* Vijiji vingi vina angalau nyumba moja inayopangishwa wageni kwa siku, wenyewe wanaiita Ferienwohnung. Kwa familia hutoka nafuu kuliko vyumba vya hoteli, na ina jiko. Lakini lazima ukodi gari. Basi la kijijini hufuata ratiba ya shule. Jioni na mwisho wa wiki mara nyingi hubaki Ruftaxi, gari linalokuja tu ukilipigia simu mapema. Vijiji vingi havina duka hata moja, na Jumapili maduka ya mjini pia yamefungwa. Ukifika Jumamosi jioni bila mkate, utalala na ulichobeba.

*Nyaraka.* Hapa kijiji hakina cha kukupa. Kijiji cha watu mia chache hakina ofisi yake ya vizazi na vifo. Kazi hiyo iko kwenye makao ya muungano wa vijiji, Verbandsgemeinde. Usitarajie pia kumkuta mchungaji ana vitabu vya miaka ya 1800 kabatini, maana vitabu vya zamani vya sharika za kiprotestanti za Pfalz vinatunzwa katika hifadhi kuu ya kanisa huko Speyer. Unachoweza kukuta kwa mzee wa kijiji ni Ortsfamilienbuch, kitabu ambacho mtu wa hapo amekaa miaka akikusanya familia zote za kijiji, ukoo kwa ukoo. Kama kijiji chako kinacho, umeokoa miezi ya kazi.

*Watu.* Kwa watu, njia hii haina mpinzani, na naomba nieleze tulichokiona.

Jumamosi asubuhi watu wa kijiji kile hufagia mbele ya nyumba zao hadi katikati ya barabara. Tulikuwa tunapita taratibu, mama mkwe kanishika mkono, mzee mmoja akasimamisha ufagio wake akatusalimu. Mume wangu akataja jina la ukoo kwa Kijerumani chake cha darasani. Mzee akatikisa kichwa: jina hilo halipo tena hapa. Kisha akauliza kazi ya babu ilikuwa nini. Mfuma nguo, tukamwambia. Uso wake ukabadilika. Vijijini kule nyumba ina jina lake lisilofuata jina la aliyemo. Wenye nyumba wanaweza kubadilika mara tano, lakini nyumba itaitwa ya mhunzi au ya mfumaji hadi leo. Akaegemeza ufagio ukutani akatupeleka nyumba ya nne kutoka kanisani. Juu ya mlango, kwenye jiwe la kizingiti, kumechongwa 1787 na herufi mbili mbili za majina ya mume na mke, na zile za mume ndizo za kwetu. Mama mkwe aliinua kiganja akakiweka juu ya ile 7 ya mwisho. Hakusema kitu. Mwenye nyumba, mama wa makamo asiyetujua kabisa, alitukaribisha ndani akatupa supu ya viazi na keki ya zambarau za kizungu, vyote kwa pamoja kwenye meza moja, kama wanavyokula watu wa Pfalz.

Hakuna aliyeitafuta nyumba ile kwenye hifadhi yoyote. Tuliipata kwa kuwa tulikuwepo saa mbili asubuhi ya Jumamosi, na tungekuwa tumelala mjini tusingekuwepo saa hiyo.

*Mzee na mtoto.* Watoto wana uwanja na ng'ombe wa kutazama. Mzee ana milima, ngazi za mawe, na daktari aliye mbali. Mgahawa wa kijiji, kama upo, una siku zake za mapumziko, mara nyingi Jumatatu au Jumanne.

Njia ya pili: kukaa mjini na kwenda kijijini kwa siku

*Pesa na usafiri.* Kwa upande wetu mji wenyewe ni Kaiserslautern, ambako treni za kutoka Mannheim zinafika vizuri, na kutoka hapo treni ndogo inakwenda Kusel kwa muda wa karibu saa moja. Bila gari, hii ndiyo njia ya kweli. Kuna tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, inayofanya kazi kwenye mabasi na treni za kawaida nchi nzima isipokuwa zile za mwendo kasi. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 na bei imepanda tangu hapo. Ni ya kujiandikisha kila mwezi, kwa hiyo kumbuka kuisitisha kabla tarehe ya mwisho haijapita. Hoteli zipo za kila kiwango.

*Nyaraka.* Hapa mji unashinda kwa mbali. Kaiserslautern kuna taasisi ya historia na utamaduni wa Pfalz ambayo kwa miongo mingi imekusanya kadi za watu waliohama. Speyer kuna hifadhi ya kanisa niliyoitaja na hifadhi ya jimbo. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla, taja jina, kijiji na miaka, omba kiti cha kusomea. Ukifika bila taarifa unaweza kukuta meza zote zimejaa au siku hiyo wamefunga.

Jiandae na mwandiko. Vitabu vya kanisa vimeandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa zamani ambao Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Huku ng'ambo ya magharibi ya Rhine kuna jambo jingine: Wafaransa waliitawala sehemu hii, na kuanzia 1798 waliweka daftari za serikali za vizazi, ndoa na vifo, karibu miaka 80 kabla ya Ujerumani nzima kufanya hivyo mwaka 1876. Za mwanzo ziko kwa Kifaransa, na hadi 1805 tarehe zinafuata kalenda ya mapinduzi ya Ufaransa, yenye miezi kama Brumaire na Ventôse. Ukiiona tarehe ya ajabu usidhani karani alikosea. Vitabu vingi vya kiprotestanti vimewekwa mtandaoni kwenye tovuti ya Archion kwa malipo, na vya Kikatoliki vya majimbo kadhaa viko Matricula bila malipo, kwa hiyo angalia huko kabla ya kulipa nauli.

*Watu.* Mjini Kiingereza kinatosha. Kambi ya ndege za kijeshi za Marekani ya Ramstein iko jirani na watu wamezoea Wamarekani. Tatizo ni kijijini. Mgeni wa siku moja hufika saa tano, saa sita watu wameingia ndani kula, na saa tisa anarudi stesheni akiwa na picha ya mlango wa kanisa uliofungwa. Ukichagua njia hii, nenda Jumapili ya ibada. Mchungaji mmoja huhudumia vijiji kadhaa kwa zamu, ratiba iko kwenye jarida la usharika, na baada ya ibada ndipo watu husimama nje wakaongea.

*Mzee na mtoto.* Lifti, hospitali, chakula cha aina nyingi. Ila kwenda na kurudi kila siku kunamchosha mzee kuliko unavyofikiri.

Njia ya tatu: kumlipa mtafiti wa koo

*Pesa na usafiri.* Wapo watafiti wenye taaluma hii, na wana chama chao cha watafiti wa koo wanaofanya kazi kwa Kijerumani. Wengi hulipwa kwa saa. Unalipa kazi, hulipi matokeo: akisoma saa kumi asikute kitu, saa kumi zimelipwa. Kwa hiyo andikianeni kikomo cha saa, na mkubaliane kwamba atakupa nakala ya kila ukurasa aliousoma, hata usio na jina lako. Wa kwanza tuliyewasiliana naye alituahidi ndugu wa damu walio hai kabla hajaona karatasi hata moja. Tuliachana naye. Wa pili aliuliza maswali kumi kabla ya kutaja bei, na huyo ndiye tuliyempa kazi.

*Nyaraka.* Anasoma Kurrent kama wewe unavyosoma gazeti, na anajua karatasi za kuomba ruhusa ya kuhama zinakaa kabati gani. Yeye ndiye aliyetueleza kwa nini babu aliondoka. Kule urithi uligawanywa sawa kwa watoto wote, kizazi baada ya kizazi, mpaka shamba likawa vipande visivyolisha mtu. Viazi vikaoza miaka ya 1840, na mapinduzi ya 1848 na 1849 yakashindwa. Mimi mtu wa Kilimanjaro sikuhitaji maelezo marefu kuhusu kihamba, shamba la ukoo, kinachogawanywa mpaka kinaisha.

*Watu.* Mtafiti wa eneo hilo anaongea lahaja ya hapo na anampigia simu mwenyekiti wa kijiji, ambaye kule ni mtu wa kujitolea mwenye kazi yake nyingine. Milango inafunguka haraka. Unachopoteza ni kule kuvumbua mwenyewe. Unapelekwa, unaonyeshwa, unaondoka kwa saa iliyopangwa.

*Mzee na mtoto.* Kwa mzee ni raha, anapelekwa kwa gari hadi mlangoni. Mtoto hawezi kuketi saa nne akisikiliza habari za wafuma nguo.

Kaburi

Hili halitegemei njia unayochagua, na ndilo linaloumiza wengi. Makaburi Ujerumani hupangishwa. Familia hulipia kwa muda uliowekwa, mara nyingi miaka 20 hadi 30, na muda ukiisha bila kulipiwa tena jiwe huondolewa na nafasi hupewa mwingine. Kaburi la mtu aliyezikwa 1840 hulikuti. Nilimpigia mama yangu Moshi jioni ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Makaburi ya wazee wao mmeyaona?"

"Hayapo mama. Wameyaondoa zamani, wanazika wengine."

Akanyamaza kidogo. "Sasa huyo mama mkwe wako ameweka wapi maua?"

Aliyaweka kwenye mnara wa vita. Karibu kila kijiji kina mnara wenye majina ya waliokufa 1914 hadi 1918 na 1939 hadi 1945. Ukitaka kujua haraka kama jina lako lilibaki kijijini baada ya babu kuondoka, soma mnara huo kabla ya kitu kingine chochote. Jina letu lilikuwepo mara mbili kwenye orodha ya vita ya kwanza. Mama mkwe hakuwahi kujua kwamba wakati mdogo wa babu yake anakwenda Ulaya na jeshi la Marekani, ndugu wa damu yake walikuwa upande wa pili.

Viza na bandari

Kama una pasi ya Tanzania au Kenya unahitaji viza ya Schengen, hata ukiwa na kadi ya kijani ya Marekani. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Omba miezi kadhaa kabla, maana nafasi za miadi huisha. Wa pasi ya Marekani hawahitaji viza kwa ziara fupi. Kwetu mimi peke yangu ndiye niliyepanga foleni.

Wengi huongeza safari ya Bremerhaven kwenye jumba la makumbusho la wahamiaji, lililofunguliwa 2005, au lile la BallinStadt huko Hamburg. Ni mahali pazuri, lakini angalia kwanza babu alipandia meli wapi. Watu wengi wa kusini magharibi waliondokea Le Havre, Ufaransa. Kwa mtu wa Kusel, siku hiyo ningeipeleka Burg Lichtenberg, kwenye makumbusho ya wanamuziki wa eneo hilo waliotembea dunia nzima wakipiga tarumbeta ili kulisha watoto nyumbani.

Uchague ipi

Kama tayari una vizazi vyote kwenye karatasi na kinachokusukuma ni kuona, kusikia na kukaa, lala kijijini. Siku tatu au nne, na Jumamosi iwe mojawapo. Ukiweza, panga wakati wa Kerwe, sikukuu ya kijiji, ambapo hata waliohamia mijini hurudi nyumbani.

Kama ukoo una tundu katikati, jina la baba halijulikani au tarehe hazilingani, kaa mjini. Wape Speyer na Kaiserslautern siku mbili au tatu na kijiji siku moja. Kumbuka sheria ya faragha: daftari za serikali za vizazi hufunguliwa kwa kila mtu baada ya miaka 110, za ndoa 80, za vifo 30.

Kama una siku mbili tu, au husomi Kijerumani kabisa na hutarudi tena, mlipe mtafiti. Pesa itauma, lakini utaondoka na kitu mkononi. Familia yenye muda inaweza kuchanganya. Sisi mtafiti alisoma vitabu kabla hatujaondoka Marekani, tukalala kijijini siku nne, tukaenda Speyer siku moja.

Na kama babu yako ni Mjerumani aliyekuja Tanganyika, anza na nyaraka kabla ya tiketi, kwa sababu karatasi zake zinaweza kuwa mbali na kijiji chake. Akiwa mmisionari wa Leipzig, ambao walifika Kilimanjaro 1893, hifadhi yao iko Halle. Akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, tafuta mafaili ya wizara ya makoloni katika hifadhi ya taifa huko Berlin Lichterfelde, fungu R 1001. Wengi wa watoto waliozaliwa huku na Wajerumani hao hawakuandikwa na baba zao, kwa hiyo chukua na maneno ya bibi zako, yarekodi wakiwa bado wanakumbuka, ndipo upande ndege.

Ukiwa na mzee, njia yoyote utakayochukua, mpangie nusu siku moja isiyo na shughuli. Mama mkwe aliitumia yake kwenye benchi mbele ya ile nyumba ya nne, na mama wa supu akatoka na kiti chake akakaa naye. Hawakuwa na lugha moja. Walikaa hadi kengele ya jioni.